Sabuni ya Bombani

Chamazi, Temeke
14 Julai 2024

Shangazi Atuganile mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka barazani kwangu. Kwangu, Shangazi! Leo ni wiki mbili na siku moja tangu harusi, na kila nikiandika "mume wangu" kalamu inasimama kwanza, inajifurahia, ndipo inaendelea. Huyo mume wangu Gaspar hajambo, naye anakuamkia. Huko Tukuyu je? Baridi ya Julai inakuacha ulale? Baba alisema mguu wako umevimba kwa sababu ya safari ya basi. Pole sana.

Barua hii nampa konda wa basi la Tukuyu, kama tulivyokubaliana. Watu wa huku wananicheka, eti nani anaandika barua zama hizi. Nawajibu: mtu ambaye shangazi yake alikuwa mwalimu miaka thelathini na nne, akaigawa simu yake kwa sababu kwenye simu kila mtu hujibu "salama tu", na yeye anataka auone mkono wa mtu unavyoandika.

Sasa niseme lililo moyoni. Jumatatu baada ya harusi ulikuja kututandikia kitanda. Kila bi harusi wa ukoo wetu ametandikiwa na shangazi yake. Gaspar alikitengeneza kitanda kile mwenyewe, mninga mtupu, na kichwani amechonga majani ya mgomba kwa sababu nilimwambia kwetu ni migombani. Ulifika getini na mashuka meupe mkononi. Mbwa wetu wakaja kukupokea. Ukasimama hapo hapo, umeshika chuma cha geti, ukasema presha imepanda. Kesho yake ukapanda basi. Mashuka yako yamo kwenye mfuko wake, hatujayagusa. Tunalalia mengine, na kila asubuhi natandika mwenyewe kama mtu asiye na ndugu.

Kama ni kwa sababu Gaspar ni fundi seremala, acha nikueleze nilivyompata. Nilikwenda Keko kuagiza rafu za duka langu la madaftari. Nikakuta mteja mmoja, mkubwa kwelikweli, wa Mikocheni, anafoka anataka kitanda chake kipakiwe kwenye gari. Gaspar amesimama mbele ya kitanda, mikono kiunoni. Anasema kwa upole, "Mzee, hakitoki leo. Chini yake kuna mama anajifungua kwenye maranda." Nikainama nikachungulia. Mbwa mwekundu, mbavu nje, na watoto wanne wenye ukubwa wa viazi. Mteja akaondoka na hasira zake. Mie nikabaki. Shangazi, nimebaki mpaka leo.

Yule mbwa mwekundu ndiye Randa. Watoto wake ni Patasi, Msasa, Gundi na Tupa, maana mume wangu hajui majina mengine. Sasa wapo kumi na tisa. Wamegongwa, wamemwagiwa maji ya moto, wametupwa kwa sababu wamezaliwa majike. Asubuhi nasonga ugali wa dona kwenye sufuria la shughuli, nachanganya dagaa na vichwa vya samaki. Kisha nang'oa kupe, naosha wenye upele kwa dawa, nafua matambara. Saa nne nafungua duka nikinuka samaki, na nina furaha kuliko wote wanaonuka manukato.

Niambie ukweli, Shangazi. Umeona nini getini kwangu?

Mwanao akupendaye,
Tusajigwe


Tukuyu
29 Julai 2024

Mwanangu Tusajigwe,

Marahaba. Mguu unapungua. Mvua haijakoma, chai inachumwa, mbuzi wa mchungaji wamekula maharage yangu tena na mchungaji anasema niwaombee.

Mwandiko wako bado mzuri. Umeandika "furaha" mara moja tu, lakini imejaa ukurasa mzima.

Na Gaspar sina ugomvi. Mikono yake niliiangalia kanisani, ni mikono ya mtu anayefanya kazi. Kitanda sikukiona, ila naamini ni kizuri.

Mbwa waondoe. Watafutie watu, wape wenye mashamba, utajua mwenyewe. Sababu ninayo na sitaiandika. Wakishaondoka nitakuja kutandika.

Shangazi yako,
Atuganile


Chamazi
11 Agosti 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sie wazima. Juzi Gaspar ameniletea kitana cha mbao alichokichonga kwenye muda wa chakula cha mchana, kina herufi T na G zimeshikana. Nikalia. Yeye akadhani meno ya kitana yamenichoma kichwa!

Pole na mbuzi wa mchungaji.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nakuheshimu Shangazi, ndiyo maana nakujibu waziwazi: siwaondoi. Umesema sababu unayo na huiandiki. Basi na mie sababu ninayo, na nitaiandika. Nilipoolewa sikuolewa na Gaspar nusu. Nilimchukua na yule aliyesimama mbele ya kitanda. Nikiwafukuza mbwa nitakuwa nimemwambia kwamba siku ile alikosea.

Usidhani ni wewe peke yako unayenisema. Jumanne alikuja mwenyekiti wa mtaa, Mzee Jamali, na daftari lake kwapani.

"Bi harusi," akasema, "watu wanalalamika. Huku ni makazi au ni mbuga ya wanyama?"

"Shikamoo Mwenyekiti. Mbugani watu wanalipa kiingilio, hapa karibu bure."

"Usinichekeshe, niko kazini. Wana chanjo hao?"

Nikamwonyesha vyeti vyote, kimoja kimoja. Dokta Albano wa mifugo huja mwenyewe na kuwachanja kila anapopata nafasi. Mwenyekiti akavipekua mpaka cha mwisho. Kisha akaninyooshea kidole.

"Nisikilize. Siku nitakayosikia jino la mbwa wenu limeingia kwenye nyama ya mtu, mtu yeyote, banda hili nalifunga siku hiyo hiyo. Na hao kumi na tisa unajua watakapopelekwa."

"Utasubiri sana, Mwenyekiti," nikamjibu. Gaspar akanikanyaga mguu, lakini nilishasema.

Aliyenishangaza ni Mzee Haroub, mwenye duka la vyakula tunalopakana nalo ukuta. Nilimwogopa yeye kuliko wote, kwa kuwa duka ni la babu yake na waumini wote wa huku hununua kwake. Akaja getini, kanzu ameikusanya kwa mkono mmoja. "Binti yangu, mbwa mie simgusi, dini yangu unaijua. Lakini na njaa ya mnyama nitaulizwa. Nifanyie moja tu. Weka bomba hapa nje, na sabuni, siku zote. Mteja wangu akipita akaguswa na pua ya mbwa, ajisafishe aende zake na amani." Gaspar alilifunga bomba jioni ile ile. Tangu hapo Mzee Haroub hututumia makoko ya wali wa mgahawa wa mdogo wake, kwenye ndoo, na ndoo hairudishwi kwake mpaka nimeisugua mbele ya macho yake.

Mtu mzima wa dini ameona njia ya kuishi na mbwa wangu. Na wewe Mkristo mwenzangu je?

Nimekuwa mkali, nisamehe. Mashuka bado yamo mfukoni.

Tusa


Chamazi
8 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hujanijibu ya mwezi uliopita, nadhani umekasirika. Sie wazima kabisa.

Mwandiko wangu leo mbaya, utanisamehe. Kazi zimekuwa nyingi. Jumatatu tulikuta kiroba getini, ndani kuna mbwa jike amefungwa mdomo kwa waya. Nikamfungua. Hakula wala hakunywa, alikuwa anatetemeka na kutazama ukutani. Jumatano akafa, hatujampa hata jina. Gaspar amemzika nyuma ya nyumba. Wapo watu wabaya duniani.

Mwenyekiti bado anapita pita. Nimemwambia hakuna aliyeng'atwa hapa. Gundi amepata familia Mbagala, tumefurahi na kulia. Nilijikata kidole cha shahada kwa bati nikirekebisha paa la banda, Gaspar amenifunga kitambaa huku akiimba nyimbo za kwaya, sauti mbaya lakini mwenyewe mzuri. Hapa ni amani tupu, na hakuna mtu aliyeng'atwa wala nini.

Unijibu basi.

Tusa


Tukuyu
17 Septemba 2024

Tusajigwe,

Leo sina salamu.

Barua yako imekaa siku saba kwenye ofisi ya basi kwa sababu ya mguu wangu. Nimeichukua asubuhi hii, nikaisoma nimesimama. Mbwa wa kiroba amekufa. Chini yake kidogo, kidole kimekatwa na bati. Na mara mbili umeandika kwamba hakuna aliyeng'atwa, wakati mimi sikukuuliza. Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na nne, Tusa. Mtoto anayejitetea kabla hajaulizwa namjua hata nikiwa nimefumba macho.

Nimekwenda na mguu huu hadi kwa mchungaji nikaomba simu, nikampigia mumeo. Barua hii itakukuta umeshachomwa sindano ya kwanza. Kama hujachomwa, usimalize kuisoma. Ondoka.

Naandika lile lililonishinda simuni.

Kati yangu na baba yako alikuwepo mtoto mwingine. Aliitwa Daniel. Humjui kwa sababu hatumtaji. Alikuwa na miaka saba, mimi kumi na mbili, baba yako alikuwa bado anabebwa mgongoni. Kulikuwa na mbwa wa jirani ambaye tulikatazwa kumsogelea, na Daniel alikuwa anaiba viazi jikoni anampelekea. Siku moja yule mbwa akamng'ata kifundo cha mguu. Daniel akanishika gauni. "Dada usiseme. Baba atanichapa, na mbwa atauawa." Sikusema.

Nilimwosha kwa maji ya mtoni. Maji matupu. Sabuni ilikuwa ndani ya sanduku la Mama, na ufunguo Mama aliuvaa shingoni. Ningeomba sabuni angeniuliza ni ya nini. Nikamfunga jani la mgomba. Kidonda kikapona vizuri, tukacheka kwamba tumewashinda wakubwa.

Baada ya wiki sita akaanza kuogopa maji ya kunywa. Zaidi ya hapo siandiki. Watu waliambiwa ni homa. Mimi nilijua, na sijamwambia mtu mpaka leo, mchungaji aliponiuliza simu naitakia nini.

Sasa unajua nilichokiona getini kwako. Sikuwa namdharau mumeo. Niliona mbwa kumi na tisa na mwanangu katikati yao anacheka.

Ukitaka kuwafuga, wafuge. Umekuwa mkubwa na ulimi wako umekuwa mkubwa zaidi. Lakini kitu alichonifanyia Daniel, na wewe usinifanyie.

Shangazi yako


Chamazi
21 Oktoba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, na asante sana kwa lugha ya kwetu, ndaga fijo. Mguu wako ulionifikisha hospitali na wenyewe naupa shikamoo.

Nimemaliza sindano za kichaa cha mbwa. Ya tano nimechomwa Jumanne iliyopita, na daktari amesema nina bahati, tena mkaidi. Sikutaka kukuandikia mpaka ziishe, nisije nikakuahidi kitu nisicho nacho.

Nitakusimulia bila kuficha. Yule mbwa wa kiroba ndiye aliyening'ata nilipofungua waya. Jino moja tu, kwenye kidole. Chanjo yake tungeifanya lini, aliletwa asubuhi ile ile! Nikakimbilia bomba la getini, sabuni ya Mzee Haroub ipo pale, nikaosha na kuosha mpaka vidole vikakunjamana. Nikawa najisemea kwamba inatosha. Nilimuwaza mwenyekiti. Jino limeingia kwenye nyama ya mtu. Nikaona kumi na tisa wote wanapakiwa. Gaspar alipouliza nikasema bati, na huo ndio uongo wangu wa kwanza katika ndoa.

Siku uliyopiga simu alikuja dukani kutoka Keko, maranda bado yamejaa kwenye nywele. Nilidhani atanifokea. Aliufungua mkono wangu, akakitazama kidole muda mrefu, akasema, "Ningejenga mabanda mengine mia, Tusa. Wewe mwingine sijui kukutengeneza." Basi. Akanipeleka hospitali. Shangazi, ningefokewa ingeniuma kidogo kuliko hivyo.

Nilipomaliza kuisoma barua yako nilikwenda kwa mwenyekiti mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu. Nikamwonyesha kidole na kadi ya sindano. Akaifunga kalamu yake. "Umenirahisishia kazi," akasema, na akaitisha mkutano wa mtaa jana Jumapili. Unajua uchaguzi wa serikali za mitaa ni mwezi ujao, kila mtu anataka aonekane anafanya jambo.

Watu walijaa. Mama mmoja akapaza sauti kwamba niende nao hao mbwa porini tukaishi huko. Nikasimama.

"Aliyeng'atwa ni mimi," nikasema. "Si mtoto wa mtu, si mpita njia. Na nikaficha. Hilo ndilo kosa langu, naomba radhi kwa wote. Lakini nisikilizeni. Mbwa aliyening'ata hakuwa wa kwangu. Alitoka kwenye nyumba ya mtu wa mtaa huu au wa jirani, mwenyewe akamwona anaumwa, akamfunga mdomo kwa waya akaja kumtupa kwangu. Mkinifunga leo, kesho kile kiroba mtakikuta kwenye geti lenu. Nani ataosha kidole kwa sabuni? Nani anajua kuna sindano? Fungeni basi. Ila mimi siondoki hapo mpaka mnibebe na sufuria langu."

Kelele! Ndipo Mzee Haroub akanyoosha fimbo yake.

"Mwenyekiti, swali dogo. Yule mbwa wako wa uani, anayelinda mbuzi. Cheti chake kiko wapi?"

Mwenyekiti akakohoa. "Yule... yule ni mbwa wa nyumbani."

"Kwani wa Bi Tusa ni wa hotelini?"

Mkutano ulicheka mpaka viti vikagongana. Mwenyekiti naye mwisho akacheka, kwa shida, lakini akacheka. Wakatupa masharti. Mbwa wapya wakae peke yao kwenye banda lenye uzio, Gaspar ameshaanza kulijenga. Mimi na yeyote anayewashika tuchanjwe. Na kila mbwa wa mtaa, akiwemo wa mwenyekiti, aletwe getini kwetu siku Dokta Albano atakapokuja. Mwezi wa kwanza watatuangalia tena. Yule mama wa porini bado akipita anatema mate. Ateme, barabara ni ya wote.

Nimemsimulia Gaspar habari za Daniel. Jioni nikamkuta anachonga kisanduku kidogo cha kuwekea sabuni pale bombani, hakina kifuniko wala tundu la ufunguo. Anakuomba ruhusa achonge jina juu yake. Ukikataa atakiacha bila jina, nami sitalitaja tena.

Sikuombi uwapende. Wala siwaondoi, hilo unalijua. Nimeficha mara moja, sifichi tena, kwa hiyo na hili nakuandikia wazi: sasa wapo ishirini na moja.

Mwanao,
Tusajigwe


Tukuyu
3 Desemba 2024

Mwanangu Tusa,

Marahaba, wewe na mumeo. Nimechelewa kujibu. Nilikwenda kwanza kwa baba yako nikamwambia alikuwa na kaka. Tulikaa siku tatu. Yeye anakusalimu, na anauliza kama kuna mbwa mdogo asiyebweka sana.

Mimi nakuja tarehe kumi na tisa. Mjulishe Mzee Haroub nitahitaji kiti upande wake wa ukuta. Mbwa wote wawe nyuma ya uzio mpaka nimeingia ndani, na usinilazimishe kumpenda yeyote mwenye mkia. Nitatandika kitanda, nitakagua vyeti vyote ishirini na moja, na kile ambacho hakipo nitakusomea shtaka lake mbele ya mumeo.

Kwa konda nimetuma katoni ya sabuni za miche. Kila mwezi itakuja nyingine. Usinikatalie, ulimi wako uupumzishe kidogo.

Gaspar achonge jina. Kwa herufi kubwa zinazosomeka. Na mwambie asikipigilie kisanduku juu kama watu wazima wanavyopenda. Akishushe, mkono wa mtoto wa miaka saba ukifike bila kumwomba mtu.

Shangazi yako,
Atuganile